Lita Sitini Angani: Kikomo cha Bidhaa za Hatari na Neno la Mwenye Mzigo

Katika vichochoro vya Mtoni, kama ilivyo katika mitaa mingi ya pembezoni mwa Dar es Salaam, si ajabu kukuta petroli ikiuzwa kwa chupa za maji ya kunywa, zimepangwa juu ya benchi karibu na kijiwe cha pikipiki. Mnunuzi huimimina tangini, hulipa, akaenda zake. Hakuna anayeuliza lita moja ya petroli ni kitu gani. Lakini mkaaji huyo huyo wa Mtoni akipeleka mzigo wake katika uwanja wa ndege wa Julius Nyerere ataelezwa kwamba petroli, hata ikiwa imefungwa kwa kufuata kanuni zote, haiwezi kuzidi lita 5 kwa kifurushi kimoja katika ndege ya abiria, wala lita 60 katika ndege ya mizigo. Wengi wasikiapo hesabu hizo huziona kuwa ni usumbufu wa makarani tu. Wanakosea. Lakini wale waaminio kwamba lita 60 ni kiasi cha salama wanakosea pia, na kosa lao ndilo lenye hatari kubwa zaidi.

Viwango hivyo hukutwa katika maelekezo ya kiufundi ya Shirika la Kimataifa la Usafiri wa Anga, ambayo msingi wake ni Kiambatisho cha 18 cha Mkataba wa Chicago wa mwaka 1944. Kiambatisho chenyewe kilipitishwa mwaka 1981. Bidhaa za hatari zimegawanywa katika madaraja tisa, na kila bidhaa imepewa namba yake. Namba ya petroli ni 1203, ile ile iandikwayo nyuma ya magari ya mafuta katika nchi nyingi. Mbele ya kila namba huandikwa viwango viwili, kimoja cha ndege ya abiria na kingine cha ndege ya mizigo.

Mwanafunzi wa kidato cha tatu ana elimu ya kutosha kuvipima viwango hivyo mwenyewe. Lita moja ya petroli ina uzito wa gramu 740 hivi. Ikichukuliwa kwamba moli moja ya petroli ni gramu 100, basi pana moli 7.4, na moli hizo zikigeuka mvuke katika joto la kawaida la chumba hutoa lita zipatazo 178. Mvuke wa petroli huanza kuwa tayari kulipuka ufikapo kama asilimia 1.4 ya hewa. Kwa hiyo lita moja tu yatosha kuitia hatari hewa ya mita za ujazo zaidi ya 12, yaani chumba kidogo cha kupanga. Lita 60 zatosha mita za ujazo zipatazo 760. Ndege ya mizigo aina ya Boeing 767-300F ina nafasi ya shehena ya mita za ujazo 438 hivi. Hii ni hesabu ya daftari. Petroli haigeuki mvuke yote mara moja, na hewa ya ndege hubadilishwa wakati wote. Hata hivyo inaonyesha jambo ambalo haifai kulifumbia macho: kifurushi kimoja kilichoruhusiwa na sheria kina uwezo wa kuiangamiza ndege nzima.

Hapo mfanyabiashara ana haki ya kuuliza swali lake. Kama pipa moja la lita 200 limekatazwa, na madumu manne ya lita 50 yamekubaliwa, jumla si ni ile ile? Ni ile ile kweli. Ila madumu manne hayapasuki kwa pamoja. Kikomo kimewekwa kwa kifurushi kwa sababu ajali ya kawaida huanza na kifurushi kimoja: kifuniko kimelegea, kona imetobolewa na uma wa mashine ya kupakilia, chupa imelazwa badala ya kusimamishwa. Udogo wa kifurushi humpa rubani dakika kadhaa za kurudi chini. Dakika hizo ndizo zinazonunuliwa na kikomo, na hapana kingine.

Tena angani si sawa na ghalani. Kopo lililofungwa Mtoni, karibu na usawa wa bahari, lina ndani yake hewa ya kanieneo ya kilopaskali 101 hivi. Ndege ikiwa juu sana, kanieneo ya ndani yake hushushwa hadi kiasi cha ile ya mlima wa mita 2,400, yaani kilopaskali 76 hivi. Tofauti ni 25. Kama kifuniko cha kopo kina kipenyo cha sentimita 20, hewa ya ndani hukisukuma kwa nguvu ya niutoni 785, sawa na uzito wa mtu mzima wa kilo 80 aliyesimama juu yake, isipokuwa mtu huyo anasukuma kutoka ndani kwenda nje. Ndiyo maana kanuni zinataka vyombo vya vimiminiko viweze kustahimili tofauti ya kilopaskali 95 bila kuvuja, na pia viachiwe nafasi tupu juu. Dumu lililotumika zamani kwa mafuta ya kula halikuumbwa kwa kazi hiyo.

Kuna bidhaa ambazo kikomo chake ni sifuri. Mfano wake haupo mbali na Mtoni, maana maji ya Mto Kizinga yamekuwa yakivutwa na kusafishwa Mtoni tangu kabla ya Uhuru, na maji ya mto hayanyweki bila dawa kama klorini. Gesi ya klorini iliyoshindiliwa katika mtungi haipandi ndege yoyote, ya abiria wala ya mizigo, kwa sababu hapana kiasi kidogo cha gesi hiyo ambacho marubani wangeweza kukivumilia katika chumba kilichofungwa. Dawa hiyo ikiwa katika umbo la unga wa hipokloriti ya kalsiamu huruhusiwa, kilo 5 kwa kifurushi katika ndege ya abiria na kilo 25 katika ile ya mizigo. Klorini ni ile ile, hatari si ile ile. Somo zuri la kemia kuliko hili ni shida kulipata.

Lakini kikomo hakina macho. Humtegemea yule aandikaye hati ya shehena, na hapo ndipo misiba mikubwa ilipoanzia. Mwezi Mei 1996 ndege ya abiria ya kampuni ya ValuJet iliwaka moto na kuanguka katika vinamasi vya Everglades, Florida, na watu wote 110 waliokuwamo wakafa. Shehena yake ilikuwa na masanduku ya vifaa vya kuzalisha oksijeni, na kwenye hati viliandikwa kuwa ni tupu. Havikuwa tupu. Miaka 23 kabla ya hapo, Novemba 3, 1973, ndege ya mizigo ya Pan American ilianguka Boston na kuwaua watu wake watatu. Chupa za asidi ya nitriki zilikuwa zimezungushiwa vumbi la mbao ndani ya masanduku. Asidi ilivuja, ikakutana na vumbi hilo, na kila mwalimu aliyewahi kuwaonya wanafunzi wake juu ya asidi hiyo anajua kilichofuata. Leo asidi ya nitriki iliyozidi asilimia 70 haipandi ndege ya abiria kabisa, na katika ndege ya mizigo mwisho wake ni lita 2.5.

Msiba unaostahili kutazamwa kwa makini zaidi ni wa Dubai, mji ambao shehena nyingi za Afrika Mashariki hupitia. Septemba 3, 2010, ndege ya mizigo aina ya Boeing 747 ya kampuni ya UPS iliruka kwenda Cologne, Ujerumani, ikiwa na betri za lithiamu zaidi ya 80,000. Dakika 22 baadaye kengele ya moto ililia. Moshi ulijaa katika chumba cha marubani hata rubani msaidizi, aliyebaki peke yake kwenye usukani, hakuweza kuona vipimo vyake. Haikufika nusu saa nyingine ndege ikaanguka, na wote wawili wakafa. Hati za shehena hiyo hazikutaja bidhaa yoyote ya hatari, ingawa wachunguzi walikuta kwamba angalau mizigo mitatu ya betri ilipaswa kutangazwa hivyo.

Baada ya hayo, tangu Aprili 1, 2016, betri za ioni za lithiamu zilizofungwa peke yake zimekatazwa kuwa shehena katika ndege za abiria. Katika ndege za mizigo zimeruhusiwa hadi kilo 35 kwa kifurushi, zikiwa na chaji isiyozidi asilimia 30. Amri ya chaji ni ya busara, kwani betri yenye umeme mdogo huwaka kwa shida. Lakini kilo 35 kwa kifurushi, pasipo kujali vifurushi vingapi vimebanana pamoja, si busara ya kutosha. Hoja ya kukubali kiasi kikubwa katika ndege ya mizigo ni kwamba watu waliomo ni wachache, wamefunzwa, na wanaweza kuufikia mzigo. Hoja hiyo yafaa kwa dumu la petroli linalovuja. Haifai kwa betri, ambazo moja ikishika moto huichoma jirani yake, na joto lake hutoka ndani yake yenyewe, hata gesi ya kuzimia moto haliwezi. Kwa bidhaa ya namna hiyo kikomo kingefaa kuhesabiwa kwa rundo zima. Uchache wa marubani si sababu ya kuwapimia usalama kwa kibaba kidogo.

Mwezi Juni 2023 Kampuni ya Ndege Tanzania ilipokea Boeing 767-300F yake, yenye uwezo wa kubeba tani 54, na hivyo maswali haya si ya nchi za mbali tena. Walimu wa kemia na fizikia wa sekondari za Temeke wanaweza kuyaingiza darasani bila kungoja mtaala mpya. Hesabu ya mvuke na ile ya kifuniko zahitaji ubao na chaki tu. Miongoni mwa wanafunzi hao watatoka makarani wa shehena, mawakala wa forodha na wafanyabiashara. Mmoja wao siku moja atafunga katoni ya betri za simu, atashika kalamu, na kwenye nafasi ya kutaja yaliyomo ataandika ama betri za lithiamu, ama vipuri vya simu. Akiandika vipuri, hapana atakayepima kilo wala chaji, na katoni itapakiwa pamoja na nyingine.