Grafu Zetu Hazijafika Katoro

Msimu wa tasnifu ukikaribia, kwenye programu yetu ya uzamili hujitokeza grafu ileile. Mhimili wa chini ni ukubwa wa pakiti, wa pembeni ni kasi, mistari ni miwili, na wa mwandishi ndio uko juu. Mwaka huu mada ni bafa za kumbukumbu kwenye draiva za kadi za mtandao. Sisemi grafu hiyo ni ya uongo. Nasema haijapima ilichodai kupima, na tunaipigia makofi kwa sababu kila mmoja wetu anangoja zamu ya kuonyesha yake.

Jambo lenyewe ni hili. Pakiti ikiingia, draiva lazima iwe na mahali pa kuiweka: kipande cha kumbukumbu, mara nyingi ukurasa wa baiti 4,096. Njia ya zamani ni kuomba ukurasa mpya kila mara na kuurudisha ukishatumika. Hiyo ina gharama. Kwenye laini ya gigabiti 10 kwa sekunde, pakiti ndogo za baiti 64 zinaweza kufika milioni 14.88 kwa sekunde, yaani kila moja ina takriban nanosekunde 67 tu. Ndiyo maana watu wakabuni kurejeleza: draiva inabaki na bwawa la kurasa zake, pakiti ikiondoka ukurasa unarudi kupokea nyingine. Ni wazo zuri, sina ugomvi nalo.

Ugomvi wangu ni namna linavyopimwa. Kompyuta mbili, waya mfupi katikati. Moja inamwaga pakiti, nyingine inazipokea na kuzitupa bila kuzisoma. Ukurasa unarudi haujapoa, karibu kila ukurasa unarejelezwa, mstari unapanda.

Mimi ni wa Kahama, na ndugu zangu kadhaa wametafuta dhahabu Geita. Kwenye duara, mfuko wa mawe unapandishwa, unamwagwa, unashushwa tena, kwa hiyo mifuko michache inatosha. Siku karasha ina foleni, mifuko inalala imejaa pale juu na walioko chini wanapiga kelele waletewe mingine. Mtu akikuambia amejaribu mpangilio wake wa mifuko siku ambayo karasha haikuwa na foleni, utamuuliza amejaribu nini.

Sasa nenda steshenari yoyote Katoro wakati dirisha la Bodi ya Mikopo linakaribia kufungwa. Kompyuta tano zimeunganishwa kwa waya kwenye ruta ya bei nafuu, na ruta inatoka nje kwa laini ya simu. Vijana wamekaa kwenye benchi na vyeti vya kuzaliwa vya kuskani. Ruta nyingi za aina hiyo zinatumia kerneli ya Linux, ileile ambayo kwenye maabara tunaifanyia maboresho. Upande wa ndani ni megabiti 100. Upande wa nje, mnara ukielemewa, tuseme ni megabiti 1. Foleni ya kutokea kwenye Linux kwa miaka mingi imekuwa na nafasi ya pakiti 1,000. Zidisha kwa baiti 1,500 na gawanya kwa kasi ya nje: sekunde 12. Muda wote huo ukurasa uliopokea pakiti hauwezi kurudi bwawani. Bwawa la kurasa 256 linakauka, draiva inarudi kuomba kurasa mpya kama zamani, kwenye kifaa chenye megabaiti 64 kwa kila kitu. Na kijana anaambiwa na ukurasa wa maombi kwamba muda umeisha, aanze upya.

Hili dunia ilishaliona. Mwaka 2010 Jim Gettys, mhandisi wa Marekani, alifuatilia kwa nini intaneti ya nyumbani kwake inakwama, akakuta bafa zilizovimba kila mahali, zilizokubalika kwa miaka kwa sababu vipimo vya kasi havikuziona. Mwaka 2012 Kathleen Nichols na Van Jacobson walichapisha njia ya kusimamia foleni kwa kuuliza pakiti imekaa humo muda gani. Ndilo swali ambalo grafu zetu hazilijibu.

Wasimamizi wana jibu: mazingira halisi yana kelele, matokeo hayarudiki. Hapana. Linux inakuruhusu kubana kasi ya kutoka hadi megabiti 1 kwa amri moja, na kuwasha kompyuta ikiamini ina megabaiti 64 tu. Matokeo yanarudika vizuri kabisa, na huhitaji hata nauli ya basi la Geita. Wengine wanasema tunaandikia vituo vya data vya nje. Haya, hata huko kuna programu zinazochelewa kusoma pakiti zao.

Ninachotaka ni kidogo: kila tasnifu ya bafa ionyeshe sehemu ya kurasa zilizorejelezwa mpokeaji akiwa mzembe, kumbukumbu iliyoshikiliwa, na ucheleweshaji wa ile pakiti moja mbaya kati ya mia. Wastani waubakize kwa ajili ya bango la mahafali.

Kwenye tasnifu yangu grafu ya kwanza inapanda kama za wenzangu. Ya pili, yenye laini iliyobanwa, mistari miwili inagusana. Nimeshauriwa hiyo ya pili niipeleke kwenye viambatisho, mwishoni kabisa, baada ya orodha ya vifupisho. Nimeiacha sura ya nne, ukurasa unaotazamana na ile ya kwanza.