Maji Kwanza, Dawa Baadaye

Msomaji, ukisafiri kutoka Hola kwenda Garsen utaona miembe ikiandamana na Mto Tana kama watoto wanaomfuata mama yao sokoni. Wapokomo wameitunza kizazi hata kizazi. Msimu ukifika, maembe huiva pamoja, bei huanguka, na mengine huoza chini ya miti. Si ajabu basi mkulima kutega sikio asikiapo habari za dawa iitwayo paklobutrazoli, ambayo ikimwagwa penye mizizi hupunguza kichocheo kirefushacho matawi, na kuuhimiza mti utoe maua kabla ya wakati wake.

Dawa yenyewe si uongo. Uongo ni kudhani kuwa yatosha peke yake. Ua ni ahadi tu. Tunda ndilo malipo, nalo hujengwa kwa maji. Mti uliotiwa dawa, kisha ukanyimwa maji wakati wa kuzaa, hupukutisha vitunda vyake, na fedha za mkulima zimekwisha kwenda. Tena dawa hiyo hukaa udongoni muda mrefu: aliyezidisha kipimo hawezi kuizoa, na mwembe wake hudumaa.

Wako wanaonijibu, hata darasani, "Mto tunao, ya nini kubana maji?" Jawabu hili ni la uvivu. Mwaka 1989 Mto Tana ulihama njia yake, na mashine zilizovutia maji mashamba ya Hola zikaachwa pakavu. Huko juu, tangu Bwawa la Masinga kukamilika mwaka 1981, maji huzuiwa kabla ya kutufikia. Na mto huo huo hufurika, kama ulivyofurika mwaka 1997 na tena 2023, ukaingia mashambani bila kubisha hodi. Huyu ni jirani, si mtumishi.

Yafaa kutandaza mipira yenye matundu madogo idondoshayo maji penye mizizi. Asiye na fedha na azike chungu cha udongo kando ya mche, akijaze, maji yavuje polepole, kisha atandaze majani makavu juu ya ardhi. Tena iko faida ambayo wauza dawa hawapendi kuitaja: mwembe mkubwa ukikaushwa kwa kadiri kabla ya msimu, huelekea kutoa maua wenyewe. Afurikishaye shamba hawezi kuukausha apendapo. Adondoshaye hufunga na kufungua.

Akija muuza dawa shambani kwa baba yako, mwulize jambo moja: maembe hayo ya kiangazi yatakunywa nini?