Mamatatu, na Wanaocheka

Simama steji ya Ruiru asubuhi utasikia makanga akisema, "Leo mamatatu za Thika ni kidogo." Msomi kwenye foleni atatabasamu. Eti matatu haibadiliki: matatu moja, matatu kumi. Mhariri mmoja alilifuta neno hilo kwenye hadithi yangu, na mhariri huyohuyo akiandika Kiingereza huweka "matatus" bila kupepesa macho.

Sasa tuhesabu. Nauli ya zamani ilikuwa senti thelathini, sarafu tatu za senti kumi, kwa Kikuyu "mang'otore matatu". Ile ma- ya mwanzo tayari ni ya wingi. Magazeti yetu ya Kiingereza yakalipachika neno s mkiani, wingi juu ya wingi, na hakuna aliyecheka. Makanga akipachika kichwani, anaambiwa hajui lugha.

Hajui? Ni wasee wa mtaani waliolipasua neno hilo, wakaona ma- na tatu ndani yake, wakatafsiri nusu: "mathree". Huo ni uchambuzi wa sarufi, na haukufanyiwa kwenye ukumbi wa mihadhara. (Nilikaa kwenye kumbi hizo kabla sijaacha chuo. Tulikuwa tunanakili slaidi.)

Neno likihamia lugha nyingine linafuata wingi wa wenyeji. Waarabu husema kitab, wingi kutub. Sisi tulisikia ki- tukasema vitabu, na hakuna mwalimu anayetukosoa. Wahausa walilifanya littafi, wingi littattafai. Gari kwao ni mota, mengi ni motoci. Waya ni neno la Kiingereza, wingi wake ni nyaya, na kamusi imekubali. Shosho yangu pale Thika ana ibuku moja, mabuku mawili. Mcheke na yeye basi.

Mimi nilifutiwa neno tu, ila mtoto wa Ruiru akiandika "mamatatu" kwenye insha anapoteza alama, na ni hizohizo za kumpeleka chuo. Karatasi ya pili ya KCSE inamtahini isimu jamii, ambamo lugha ya makanga ni mada halali kabisa. Mfundisheni usanifu, sikatai, mtihani ni mtihani. Ila msimwambie kwamba nyumbani kwao hakuna kanuni. Sikilizeni tena: mamatatu zimejaa. Si yamejaa, ingawa ma- iko pale mbele. Hata upatanisho wana wao, na kutoka Githurai mpaka Thika hakuna anayeukosea.