Tusiite "Dhaifu" Kisichokubali Vikomo Viwili

Vitabu vya nadharia ya uwezekano vya Kiingereza na vya Kifaransa hulieleza jambo moja kwa sifa mbili zisizofanana. Waingereza husema mkaribio wake ni "dhaifu". Wafaransa husema ni "étroite", yaani finyu. Mwanafunzi wa Goma anayesoma kwa Kifaransa na mwenzake wa Dar es Salaam anayesoma kwa Kiingereza, kila mmoja akiwa na kamusi yake, watatuletea istilahi mbili za Kiswahili kwa dhana moja. Kwa maoni yangu zote mbili ni mbovu, na kosa si la wanahisabati. Kuunda istilahi ni kazi ya kitivo chetu, nasi huifanya bila kuuliza dhana yenyewe inafanya nini.

Chukua eneo ambalo umbali kati ya nukta zozote mbili unapimika, kwa mfano Mugunga pamoja na barabara yake ya kwenda Sake na mbele zaidi. Tandaza juu yake kitu ambacho jumla yake haizidi kikomo: watu, mvua, majivu ya Nyiragongo. Kanuni inayosema kila sehemu ina kiasi gani, Wafaransa huiita "mesure". Wengi wetu huandika "kipimo", ingawa neno hilo limekwisha kubebeshwa mita, kilo na damu ya malaria. Mimi nitasema "mgawo".

Migawo hailinganishwi kwa kuhesabu kila ua. Huangaliwa kupitia madirisha. Dirisha huipa kila nukta uzito usiozidi kiwango fulani, na uzito huo haubadiliki kwa kuruka ghafla, kisha tunajumlisha. Mfuatano wa migawo hukaribia kikomo iwapo, kwa kila dirisha la namna hiyo, jumla zake zinakaribia jumla ya kikomo hicho. Idadi ya waliomo ndani ya ua haihakikishwi. Mtu anayesogelea ukuta wa ua kutoka nje, kila siku akipunguza nusu ya umbali uliobaki, siku zote yuko nje. Lakini kikomo chake kiko ukutani penyewe. Anayetaka kulitetea neno "dhaifu" ana utetezi huo, na ni utetezi wa haki.

Lakini mwanafunzi akisikia "dhaifu" hudhani kikomo chenyewe kinayumba, kwamba huenda vikawepo viwili. Havipo. Tuseme watu wawili wanadai vikomo tofauti vya mfuatano uleule. Kwa kila dirisha vikomo hivyo vitatoa jumla moja, maana mfuatano wa namba hauna vikomo viwili. Sasa chukua seti funge yoyote, yaani eneo pamoja na ukingo wake wote. Weka dirisha lenye uzito wa 1 ndani yake, uzito ushuke taratibu ukitoka nje hadi 0 kwenye mita 10. Dirisha linalofuata lishuke ndani ya mita 1, jingine ndani ya sentimita 10, na kuendelea. Umbali ndio unaotupa madirisha haya. Kadiri yanavyobana, kinachobaki ni eneo lenyewe, na kwa kuwa jumla ya mgawo ina mwisho, hesabu za madirisha hushuka hadi kiasi kilichomo ndani ya eneo. Basi migawo yote miwili inakubaliana juu ya kila seti funge. Seti funge mbili zikikutana hutoa seti funge, nazo ndizo huzaa seti nyingine zote tunazozipima. Kwa hiyo inakubaliana kila mahali.

Na "finyu"? Wafaransa walihitaji kuitofautisha dhana hii na nyingine wanayoiita "vague", ambayo hukubali tu madirisha yanayoona karibu na kufumba macho mbali. Tofauti hiyo Mugunga inaijua. Katikati ya Novemba 1996 kambi ya Mugunga ilivunjika kwa vita. Mamia ya maelfu ya wakimbizi walipita Goma kurudi Rwanda. Wengine, wakiwamo wenye silaha, walielekea magharibi. Tarehe 15 mwezi huohuo Baraza la Usalama lilipitisha azimio namba 1080 la kutuma kikosi cha kimataifa kikiongozwa na Kanada. Palizuka ubishi juu ya idadi ya waliobaki Zaire, na Desemba mpango ukaachwa. Mwanzoni mwa 1997 umati mkubwa ulikuwa Tingi-Tingi.

Dirisha lililowekwa mpakani na kambini huona watu wakipungua hadi sifuri, na kwa mkaribio wa "vague" sifuri ni jibu halali. Dhana yetu hulikataa jibu hilo, kwa sababu miongoni mwa madirisha yake limo lile linalompa kila mtu uzito wa 1 popote alipo. Wakimbiaji hawapotei hesabuni kwa kwenda mbali. Niambieni kama "finyu" linamwonyesha msomaji hilo.

Napendekeza "mkaribio wa jumla zote". Ni refu kidogo, na mwalimu wa hisabati atanung'unika kwamba "jumla" lina kazi nyingine. Hata hivyo linataja kinachofanyika. Wataalamu wa volkano duniani huandika "mazuku" kwa ile hewa ya kaboni inayojikusanya mabondeni hapa magharibi mwa Goma na kuua. Wamelichukua kwetu, kwa sababu waliolitamka kwanza walikijua kitu chenyewe. Aliye na istilahi bora kuliko yangu ailete, lakini aijaribu kwanza kwa mtu wa ukutani na kwa waliofika Tingi-Tingi.