Baiskeli ni ya Nyumba Nzima

Juzi mama mmoja alifika zahanati hapa Ipuli kwa miguu. Mimba yake ilikuwa ya miezi minane. Uso umevimba na kichwa kinamuuma sana. Hizo ni dalili za hatari. Baiskeli ilikuwa nyumbani, lakini imefungwa kufuli. Ufunguo alikuwa nao baba, naye alikuwa kilabuni. Tulimpima mama, tukakuta shinikizo la damu liko juu. Tulimpeleka hospitali haraka. Amepona.

Mwaka 2005 Katiba yetu ilibadilishwa. Kwa kila wabunge wengine 100, wanawake wa viti maalum wasipungue 30. Basi, ikiwa mwanamke anaamua mambo ya taifa, mbona nyumbani haamui safari ya kwenda zahanati?

Akina baba, ufunguo ukae mahali ambapo kila mtu mzima anapajua. Mama mwenye dalili za hatari asiendeshe mwenyewe; abebwe. Akitokwa damu au akipata kifafa cha mimba, tafuteni gari mara moja.

Uchaguzi mkuu huja kila miaka mitano. Ugonjwa haungoji hata siku moja.