Kompresa Ikijizima, Msigombane!

Joto la Dar mnalijua wenyewe. Kuanzia Desemba mpaka Machi unatoka nyumbani umependeza, umejipulizia manukato, ukifika ofisini unafanana na mtu aliyetoka kubeba zege. Ndiyo maana mwezi huu tunaacha kidogo mambo ya mahari na mawifi, tunaongelea kitu kinachowagombanisha wengi wakiwa wawili tu barabarani: AC ya gari.

Msinicheke. Nina shoga yangu, yeye na mumewe walinuniana wiki nzima kwa sababu ya mlio wa "tak". Wakiwa kwenye foleni wanasikia "tak", gari linatikisika kidogo, sekunde chache "tak" tena. Baba anasema, "Unaona mama? Unaiwasha sana, unaua kompresa." Mama anajibu, "Gari lako bovu, usinisingizie mimi." Fundi wa kwanza akasikiliza dakika mbili tu, akasema kompresa imekufa, nunueni nyingine. Na hela pekee waliyokuwa nayo ndani ilikuwa ya kodi ya nyumba.

Jamani, kabla hujagusa hela ya kodi, jua kwanza hiyo "tak" ni nini.

Kompresa inazungushwa na mkanda unaotoka kwenye injini. Kazi yake ni kuibana gesi na kuisukuma kwenye kondensa, ile inayofanana na rejeta nyembamba mbele ya gari. Hapo gesi inaachia joto na kugeuka kimiminika. Kisha inapitishwa kwenye tundu dogo, presha inashuka ghafla, inaingia evaporeta nyuma ya dashibodi ikiwa ya baridi sana. Feni inapuliza hewa hapo, nyie mnapata raha.

Sasa, puli ya kompresa inazunguka muda wote injini ikiwaka, hata ukiwa umezima AC. Kinachoamua ni klachi ya sumaku. Umeme wa volti 12 ukiingia, sumaku inavuta sahani ya chuma mpaka inagandana na puli. Hiyo ndiyo "tak" yako. Kompresa inaanza kazi, injini inabeba mzigo mpya, gari linashtuka kidogo. Umeme ukikatwa, sahani inaachia na puli inabaki kuzunguka peke yake.

Tena tushukuru. Kampuni ya Packard ya Marekani ndiyo iliyotangulia kuuza magari yenye AC ya kiwandani, kwa matoleo ya mwaka 1940, na klachi haikuwepo. Kuizima ilibidi usimamishe gari, uzime injini, ufungue boneti na kuutoa mkanda kwa mkono. Hebu fikiria umemtoa mtu chakula cha jioni, umevaa shati jeupe, anakwambia, "Mpenzi, nasikia baridi."

Basi kwa nini inajizima yenyewe? Sababu kubwa ni tano, na nyingi ni za kuilinda.

Kwanza, evaporeta ikikaribia nyuzi sifuri, sensa inakata umeme. Isipokata, unyevu wa hewa unaganda kuwa barafu na upepo unaziba. Ikipata joto kidogo, kompresa inarudi. Huko ni kupumzika, wala si kufa.

Pili, gesi ikipungua sana, swichi ya presha inakata. Mafuta yanayolainisha kompresa yanasafiri pamoja na gesi, kwa hiyo ikizunguka bila gesi ya kutosha inajisaga.

Tatu, presha ikipanda kupita kiasi, labda kwa sababu feni ya kondensa haizunguki au fundi kajaza gesi kupita kipimo, swichi inakata pia.

Nne, magari mengi yanaikata kwa muda ukikanyaga mafuta mpaka mwisho, mfano unapolipita lori, ili nguvu yote iende kwenye matairi.

Tano, injini ikichemka, kompyuta ya gari inaipunguzia mzigo.

Kwa hiyo msikilize gari lenu. Jua likiwa kali na gari limetoka kuanikwa, kompresa inaweza kwenda muda mrefu bila kupumzika, ni sawa. Jioni, feni iko namba moja, inapumzika zaidi, ni sawa pia. Maji yanayodondoka chini ya gari ni unyevu wa hewa, msiogope. Lakini ikiwaka na kuzima kila baada ya sekunde chache, na ubaridi ni wa kubabaisha, mara nyingi gesi imepungua. Na gesi ya AC hailiwi kama petroli. Inazunguka ndani ya mfumo uliofungwa. Ikipungua sana, ujue inavuja mahali.

Ndicho alichokiona fundi wa pili wa shoga yangu. Alifunga geji pande zote mbili, akapima, akatafuta, akakuta oringi ya bomba moja imechoka. Akabadilisha, akavuta hewa yote kwa pampu, akajaza gesi kwa kipimo. Kompresa ni ileile. Kodi ya nyumba ikalipwa. Shemeji akaenda kununua chipsi kuku, akarudi mpole.

Kwa hiyo mkienda kwa fundi, ombeni mambo matatu: apime kwa geji, atafute panapovuja kabla ya kujaza, na ajaze kwa uzito ulioandikwa kwenye stika chini ya boneti. Gari dogo mara nyingi linataka kama nusu kilo tu. Akisema "tujaze tu, mtarudi mwezi ujao", muageni kwa heshima. Mnalipia tundu. Halafu gesi ya R134a ikiachiwa hewani inaongeza joto la dunia mara zaidi ya elfu moja kuliko uzito uleule wa hewa ya ukaa. Ndiyo maana mwaka 2016 mataifa yalikutana Kigali na kukubaliana kupunguza gesi za jamii hiyo.

Tahadhari moja: si kila gari lina "tak". Zipo kompresa zinazopunguza na kuongeza nguvu zenyewe bila kuachia klachi, na magari ya haibridi kama Prius ya kizazi cha pili na kuendelea yanatumia kompresa ya umeme. Kwa hiyo usiende kumsumbua fundi kwamba mlio umepotea.

Na mafuta je? Kweli, AC inakula mafuta, hasa kwenye foleni. Lakini kompresa ikipumzika, mzigo unashuka. Basi isaidieni ipumzike: fungueni vioo dakika moja kutoa joto, kisha fungeni, bonyezeni kitufe cha kuzungusha hewa ya ndani, na egesheni kivulini. Hapo mwenye kusikia joto na mwenye kuhurumia petroli wote wanapata chao.

Mnajua, ndani ya gari ni sehemu chache tunapokaa wawili bila TV wala wageni. Ukisikia kitu usichokielewa, usikimbilie "wewe ndiye uliyeharibu". Sema, "Twende tukapime." Hela mnayochanga wote isitoke kwa hasira ya mmoja wala kwa neno la fundi mmoja.

Jumamosi hii fungueni boneti, mmoja abonyeze AC, mwingine aangalie ile sahani ikigandana. Mtafurahi. Tukutane mwezi ujao, panapo majaliwa!