Hesabu ya Kura na Hesabu ya Viti

Aghalabu tukizungumza mintarafu ya uchaguzi hujadili nani kapigiwa kura na nani kaibiwa, wala hatuulizi ni kwa kanuni gani kura hizo, hata zikihesabiwa kwa insafu kamili, hugeuzwa kuwa viti. Ilhali hapo ndipo dola huweza kuhama mikono pasi na mtu kuiba hata karatasi moja.

Zanzibar iliyajua haya mapema. Mwezi wa Januari 1961, katika uchaguzi wa viti 22, jimbo la Chake Chake lilikwenda kwa chama cha Afro-Shirazi kwa kura moja tu, chama hicho kikapata viti 10, chama cha Hizbu (ZNP) 9, na chama cha ZPPP 3. Na wale watatu wa ZPPP walipoachana njia, wawili upande wa Hizbu na mmoja upande wa Afro-Shirazi, pande zote mbili zikasimama kumi na moja kwa kumi na moja, ikabidi kiongezwe kiti cha 23 na watu warudi vituoni mwezi wa Juni. Ajabu kubwa zaidi ikaja Julai 1963: Afro-Shirazi kilipata asilimia 54 ya kura zote, kikatoka na viti 13 kati ya 31, na Hizbu na ZPPP, waliokwisha kufungamana, ndio wakaupokea uhuru tarehe 10 Desemba. Mwezi mmoja baadaye yakafuata Mapinduzi, na hayo kila mtu anayajua.

Msomaji asidhani pana mazingaombwe. Chukua majimbo matatu yenye wapiga kura elfu moja kila moja: chama kimoja kishinde la kwanza kwa 900 dhidi ya 100, kisha kishindwe mawili yaliyobaki kwa 480 dhidi ya 520. Kina kura 1,860 na kiti kimoja. Mwenziwe ana 1,140 na viti viwili. Zile kura mamia za ziada katika jimbo la kwanza, pamoja na foleni na jua la mchana kutwa, hazikuzaa kitu.

Sisemi majimbo yafutwe, kwani mwanakijiji anastahiki kumjua mbunge wa kumwendea kisima kikikauka. Lakini Wajerumani humpa kila mpiga kura kura mbili, moja ya mtu wa jimbo lake na moja ya chama, na hii ya pili ndiyo huamua kila chama kiwe na viti vingapi bungeni. Wala hesabu hiyo si ngeni kwetu, madhali viti maalumu vya wanawake katika Bunge la Muungano wa Tanzania hugawiwa vyama kwa uwiano wa kura za ubunge vilizopata nchini kote. Na ajabu yangu ni kwamba tumeiona ni haki kwa viti hivyo tu.

Nawaomba basi viongozi wa vyama, wanapogombania mipaka ya majimbo, waifikirie kanuni hiyo ya uwiano angalau kwa nusu ya viti vyote vya Bunge.